Ploti ya mteremko: Kabla ya kuhesabu vyumba, hesabu ngazi za mama

Ukisikia kuna ploti ya bei nafuu ushago, barabara iko pale juu, mto uko kule chini, na ukisimama langoni unaona bonde lote hadi ng'ambo, jua umeshaambiwa jambo moja bila kutajiwa. Ploti imeinama. Muuzaji hatatamka neno mteremko hata ukimbana vipi. Atakwambia ina mandhari.

Na huenda hujanunua kitu. Huenda ni shamba la familia, kipande kilichobaki baada ya babu kugawia wanawe, na sasa nyinyi watoto mlioko Nairobi mmeamua kumjengea mama nyumba ya mawe kabla ile ya mbao haijamwangukia. Mnachanga kila mwezi, mna grupu ya WhatsApp, na tayari kuna mmoja wenu ametuma ramani aliyoitoa mtandaoni: vyumba vitatu, varanda mbele, kila kitu sawasawa kama meza. Ramani kama hiyo ilichorewa Kitengela. Huko ardhi ni tambarare, ukiangusha chungwa linabaki pale pale. Kwetu Mathioya ukiangusha chungwa, lifuate mtoni.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kozi ya ujenzi, karo ilipogoma. Baada ya hapo nimebeba mawe na kukoroga simiti kwenye mjengo wa watu kwa muda wa kutosha kujua mahali pesa ya wenye nyumba huzama. Huzama ardhini. Watu hubishana kuhusu rangi ya mabati na aina ya vigae, kumbe bajeti imeliwa zamani na msingi, na msingi uliliwa na mtu aliyechora nyumba bila kutazama ardhi inaelekea wapi. Kwa hivyo nikupe hesabu ya kwetu, nawe uibadilishe kulingana na kwenu.

Kwanza pima. Usikadirie kwa macho, kwa sababu mteremko ukiutazama kutoka juu huonekana mpole, na ukiutazama kutoka chini huonekana ukuta. Fundi yeyote wa zamani anajua kupima kwa mpira wa maji: ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga, unajazwa maji hadi hewa yote itoke, mmoja anashika ncha moja kwenye kigingi cha juu, mwingine anashuka na ncha ya pili. Maji kwenye ncha zote mbili hukaa kimo kimoja, hata mteremko uwe wa namna gani. Unaweka alama kwenye vigingi, unapima kutoka alama hadi chini, na tofauti ya vipimo hivyo viwili ndiyo ardhi imeshuka. Kazi ya watu wawili na asubuhi moja. Baadaye sorovea atakufanyia vizuri zaidi, na nyumba ya mteremko inamhitaji kweli, lakini angalau hutaenda kwake ukiwa kipofu.

Kwetu ni robo ekari, upana wa kama mita 20 na urefu wa mita 50. Kutoka barabarani hadi mpaka wa chini tunashuka mita 6 na nusu. Yaani kila mita moja unayotembea kwenda mbele, umeshuka sentimita 13. Kumbuka hiyo 13, maana ndiyo iliyotatua ugomvi wetu wote.

Nyumba tuliyokuwa tunaiwazia ni ya mita 12 kwa 8. Ukiilaza urefu wake ukifuata mteremko, upande mmoja juu na mwingine chini, ardhi inashuka zaidi ya mita moja na nusu chini ya sakafu yako. Ukitaka sakafu moja tambarare, ile pembe ya chini lazima uijaze. Zidisha 12 kwa 8, kisha kwa nusu ya huo mshuko, unapata kama mita 75 za ujazo. Tipa dogo la mita 5 litakuja mara 15 kumwaga mawe na maramu ambayo hakuna mgeni atakayewahi kuyaona.

Sasa igeuze tu. Nyumba ile ile, vyumba vile vile, lakini upande mrefu ukate mteremko, upande mfupi ndio ushuke. Mshuko chini ya sakafu unakuwa kama mita moja, mjazo unashuka hadi mita 50 za ujazo, tipa linakuja mara 10. Hujapunguza chumba hata kimoja. Umegeuza karatasi mezani, basi.

Halafu igawe mara mbili kwa urefu. Safu ya juu, ile iliyo karibu na barabara, iwe na kina cha mita 4 na nusu. Safu ya chini mita 3 na nusu, na sakafu yake ikae sentimita 60 chini ya ile ya juu. Hizo ni ngazi nne za kawaida katikati ya nyumba, kila moja sentimita 15. Mjazo sasa ni kama mita 25, tipa mara tano. Kutoka safari 15 hadi tano, na bado hatujamlipa mtu yeyote. Ukuta wa msingi wa katikati utaongezeka gharama kiasi, sikatai, kwa sababu unashikilia udongo wa safu ya juu. Lakini hapo umelipia ukuta unaofanya kazi, hukulipia mchanga wa kufukia shimo.

Dadangu alikuwa na wazo lingine, na nadhani hata kwenu yupo wa aina yake: tulete tingatinga, tuukate mlima wote, tubaki na uwanja, tujenge kama watu. Kwa siku moja tingatinga hukufurahisha sana. Shida huja mvua ikija. Ukikata mlima kwa nyuma umeuondolea mguu uliokuwa umeusimamia, na udongo mwekundu wa kwetu ukilowa huwa mzito na hauna subira. Mwezi wa Novemba 2019 kule Pokot Magharibi mlima uliwashukia watu usiku wakiwa wamelala, na waliokufa walikuwa makumi. Hapo ni nguvu ya mvua iliyozidi, sisemi ni tingatinga la mtu. Ila mlima ambao tayari unataka kuteremka, wewe wa nini kuukata miguu?

Na ule udongo uliokatwa juu, mara nyingi husukumwa upande wa chini ili uwanja uwe mpana. Hapo ndipo nyumba hupasuka. Nusu yake imekaa kwenye ardhi ya asili iliyoshikana miaka na miaka, nusu nyingine imekaa kwenye udongo wa wiki jana ambao bado unajipanga. Nusu moja inashuka, nyingine inakataa, na ufa unapita katikati ya sebule. Msingi wa mteremko unashuka kwa vidato kama ngazi, na kila kidato kinachimbwa hadi kwenye ardhi ngumu ya asili, hata kama juu yake umejaza.

Pale ambapo lazima ukate kidogo, usiufanye ukuta wa nyumba ndio wa kuzuia mlima. Acha nafasi ya mita moja na nusu au mbili kati yao, mtu apite, mtaro upite. Ukuta wa kuzuia udongo ujengewe mawe nyuma yake, na uachiwe vitobo vya kutoa maji, kwa sababu kinachoangusha kuta hizi aghalabu ni maji yaliyokosa njia. Ukizidi kimo cha mita moja hivi, tafadhali lipa injinia. Fundi wako atakuhakikishia kwamba amejenga nyingi na hazijaanguka. Muulize ya zamani zaidi ina mvua ngapi.

Jua nalo? Kwetu sisi tulio karibu na ikweta, nyumba hupenda kuelekeza pande zake ndefu kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la jioni, ambalo huingia chini chini kupitia madirisha, likutane na ukuta mfupi. Murang'a tuna bahati. Mito inatoka Nyandarua inaelekea mashariki, matuta ya milima yako katikati yake, kwa hivyo miteremko mingi inatazama kaskazini au kusini. Ukiikatisha nyumba kwenye mteremko, jua limejipanga lenyewe. Kama mteremko wako unatazama magharibi, utalazimika kuchagua, na chaguo linategemea uko wapi. Mahali pa joto kama Voi, varanda pana na miti upande huo si urembo. Mathioya mwezi wa Julai, mamangu mwenyewe angelifuata hilo jua la jioni na kiti chake.

Na hapa sasa ndipo penye maneno. Mama.

Kaka yangu mkubwa alitaka ghorofa. Vyumba vya kulala juu, sebule chini, majirani waone. Sikumlaumu, ndiye anayechanga zaidi, na mtu akitoa pesa anataka zionekane kutoka barabarani. Lakini mamangu magoti yake yameanza kulia. Kila siku anashuka mtoni na kupanda, anashuka kwa ng'ombe na kupanda, amefanya hivyo tangu aolewe. Leo bado anapanda ngazi, anashikilia tu ukuta. Nyumba ya mawe inakaa miaka 50. Hebu piga hesabu mamako atakuwa na umri gani nusu ya hiyo ikipita, halafu umweke chumba cha kulala juu ya ngazi 17.

Kwa hivyo swali letu la kwanza likabadilika. Tuliacha kuulizana vyumba vingapi, tukauliza: mama akishuka kwa bodaboda pale barabarani, anafika kitandani bila kupanda wala kushuka ngazi hata moja? Ukilijibu hilo, nusu ya ramani imejichora.

Safu ya juu ikawa yake. Sebule, jikoni, chumba chake na bafu lenye choo, vyote kwenye sakafu moja, ile iliyo karibu na barabara. Safu ya chini, zile ngazi nne, ni yetu sisi wageni wa Krismasi, vyumba viwili na bafu dogo. Sisi tuna magoti, na tunakuja mara tatu kwa mwaka. Mnaoenda mara nyingi zaidi hongereni. Na kama siku moja mmoja wetu atarudi kukaa kabisa, chumba cha chini kina mlango wake wa nje upande wa bonde, anaingia na kutoka bila kumpitishia mama marafiki zake sebuleni.

Kutoka langoni hadi mlango wa mbele ni mita 7, na kwa ile hesabu ya 13 tunashuka kama sentimita 90. Ukienda moja kwa moja ni ngazi sita. Kipimo kinachotumika sana kwa njia ya kiti cha magurudumu ni kwamba kila sentimita moja ya kushuka, uende 12 mbele. Sentimita 90 zinataka njia ya karibu mita 11. Ardhi ya kwenda mita 11 moja kwa moja haipo, lakini njia ikienda mshazari, ikakata uwanja kutoka pembe moja, ipo. Hakuna kiti cha magurudumu kwetu, na Mungu atuepushie. Ila njia hiyo hiyo ndiyo ya toroli la majani ya ng'ombe, mtungi wa gesi, na gunia la mbolea.

Kwenye ramani zote tatu zilizotumwa kwa grupu hakuna iliyokuwa na mahali pa kuni. Mamangu alizitazama kwenye simu moja baada ya nyingine, akasifu zote, halafu akauliza githeri itapikiwa wapi. Gesi anayo. Ni ya chai ya asubuhi. Maharagwe na mahindi ya saa tatu motoni hayapikwi kwa gesi ya mtu anayejua bei ya gesi. Kama jiko la kuni litasukumwa nyuma ya nyumba chini ya mteremko kwa sababu moshi unaharibu rangi, basi ile sakafu moja tuliyojisifu nayo ni bure, atashuka na sufuria ya moto mkononi mara sita kwa siku. Jiko la kuni kwetu limewekwa ubavuni, hatua chache kutoka mlango wa jikoni, kimo kile kile cha safu ya juu. Upana wa ploti ni 20, nyumba imechukua 12, nafasi iko.

Ng'ombe alitusumbua zaidi. Kila kitabu cha kilimo kitakwambia zizi liwe chini ya nyumba, harufu na uchafu viteremke kuelekea kwenye napia. Ni kweli kwa uchafu. Lakini anayekamua saa kumi na moja asubuhi, kukiwa na giza na umande, ni nani? Zizi likakaa ubavuni pia, mbali kidogo na jiko, chini ya nyumba kwa hatua chache tu kupitia njia isiyo na ngazi, na sakafu yake ya simiti ikainamishwa ili mkojo na maji ya kuoshea viingie mferejini na kuteremka vyenyewe hadi kwenye napia. Ng'ombe abaki karibu na mama, kinachotembea ni uchafu.

Maji ni ya kuheshimu zaidi ya fundi. Kama barabara iko juu yako, maji ya barabara ni wageni wako kila Aprili na kila Novemba, na lango lako ndilo mlango wao. Chimba mtaro unaokata juu ya nyumba, uyageuze kando kabla hayajagusa ukuta, na hakikisha huyageuzii kwa jirani. Kesi nyingi za mipaka ushago zilianza na mtaro.

Maji ya paa nayo: kila milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 100 za mraba likipata mvua ya milimita 10, hizo ni lita 1,000 kwa jioni moja. Ukiziachia zidondoke upande wa bonde, zitachimba msingi wako taratibu. Ukizikusanya kwenye tangi lililosimama ubavuni, kwenye ardhi ya safu ya juu, zitateremka zenyewe hadi bafu la chini, kwa ng'ombe na kwa sukuma wiki bila pampu wala stima. Hiyo ndiyo zawadi ambayo watu wa Kitengela hawana. Ila tangi la lita 5,000 likijaa lina uzito wa tani tano, kwa hivyo likae kwenye ardhi ya asili, lisikae ukingoni mwa mjazo.

Maji taka yanaenda chini ya nyumba, mbali na kisima, na umbali unaotajwa sana kutoka kisimani ni mita 30. Kwenye robo ekari hesabu hiyo haikai kirahisi, hasa ukikumbuka kwamba jirani wa juu naye ana choo chake kinachokutazama. Kwa hivyo kabla ya kuchimba kisima, tembea kwa jirani. Bafu zetu mbili tuliziweka upande mmoja wa nyumba, moja juu na moja chini yake, ili zitumie paipu moja. Paipu ya inchi nne ikishuka sentimita 25 kila mita 10 inatosha. Ikishuka kwa kasi sana maji hukimbia na kuuacha uchafu nyuma.

Chini ya hapo tumeacha shamba libaki shamba, na tumerudisha matuta. Matuta yana historia yake kwetu: miaka ya 1940 akina mama wa Murang'a walimgomea mkoloni aliyekuwa akiwalazimisha kuyachimba, na walikuwa na haki ya kugoma. Matuta yenyewe hayakuwa na kosa. Ukambani walikuja kuyapenda hadi jina lao la fanya juu likaingia kwenye vitabu vya wazungu jinsi lilivyo: unachimba mtaro, udongo unautupa upande wa juu, mvua yenyewe inakusawazishia kipande baada ya kipande. Kama una miaka kadhaa kabla ya kujenga, anza na hayo sasa, na upande napia ukingoni.

Mambo ya karatasi nitayapita haraka. Ramani inapitishwa na kaunti, mradi unaandikishwa kwa NCA, na kwa mteremko usikubali ramani isiyoonyesha mistari ya mwinuko wa ardhi yako mwenyewe. Msanifu akikuletea mchoro ambao nyumba imekaa kwenye mstari mmoja ulionyooka, muulize ni ploti ya nani.

Kaka bado anataka kitu cha kuonekana kutoka barabarani. Tumempa varanda ya upande wa bonde, ya safu ya chini, iliyoinuka juu ya nguzo ambako ardhi inaendelea kushuka, na ukisimama ng'ambo ya mto inaonekana kama ghorofa kabisa. Alikubali baada ya siku mbili za kutosoma jumbe za grupu. Kilichobaki ni zile ngazi nne za ndani, ambazo mama atazishuka akija kutuamsha, maana hataacha. Zitakuwa pana, taa juu yake, na chuma cha kushikilia upande wa kulia unaposhuka, kwa sababu goti linalomsumbua ni la kushoto.